Kubadilisha Oili ya Mashine ya Kukatia Majani



Somo letu la leo linatoka Kizimbani, Unguja, penye kituo cha utafiti wa kilimo. Baada ya masika majani huota upesi chini ya mikarafuu. Zamani yalifyekwa kwa panga. Siku hizi baadhi ya wakulima wana mashine ya kusukuma, na mashine hiyo hutaka oili safi. Lakini kabla hujaigusa, kumbuka neno hili: mashine iliyozimwa bado inaweza kukata.

Sababu ni hii. Kisu cha chini kimefungwa kwenye mhimili wa injini. Ukikigeuza kisu kwa mkono, injini nayo hugeuka. Hapo plagi inaweza kutoa cheche, petroli iliyobaki ndani ikawaka, na kisu kikazunguka huku vidole vyako vipo papo hapo. Watu husema ajali haina kinga. Ajali hii ina kinga, nayo ni kuchomoa waya mmoja.

Sasa fuata hatua hizi:

1. Weka mashine nje, mahali palipo sawa. Usivute sigara.

2. Iwashe dakika chache ili oili iwe nyepesi, kisha izime. Ngoja kidogo, maana oili ya moto huunguza.

3. Chomoa waya wa plagi, uuweke mbali na plagi.

4. Fungua nati ya oili, ukinge karai chini. Mashine isiyo na nati hiyo hulazwa ubavu. Basi kwanza itoe petroli, na upande wa chujio la hewa uwe juu.

5. Kaza nati. Tia oili mpya kidogo kidogo, ukipima kwa kijiti chake. Isipite alama ya juu.

6. Futa mashine kwa tambara. Waya wa plagi urudishe mwisho wa kazi.

Je, oili chafu tuipeleke wapi? Usiimwage shambani. Hapa Unguja maji yetu ya kunywa hutoka chini ya ardhi, katika visima na chemchem kama ya Bububu. Unachomwaga juu huzama chini, nawe utakuja kukinywa. Itie katika dumu lenye kifuniko, uipeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Juu ya dumu andika kwa mkono wako, kwa herufi kubwa: OILI CHAFU. Hapo kusoma kwako kutamlinda hata mtoto wa jirani.

Kisha nawa kwa sabuni na maji, si kwa petroli. Oili iliyotumika hudhuru ngozi.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini tunachomoa waya wa plagi?
2. Utaandika nini juu ya dumu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.