Kompyuta ya Ofisa na Mashine ya Eksirei

Tarehe 2 Februari, 2016, ndege ya shirika la Daallo iliruka kutoka Mogadishu, kwa jirani zetu wa Somalia, ikielekea Djibouti. Haukupita muda, bomu lililofichwa ndani ya kompyuta likalipuka na kutoboa ubavu wa ndege. Aliyelibeba alitupwa nje akafa. Rubani akairudisha ndege Mogadishu. Picha za kamera zilizotangazwa baadaye na wakuu wa Somalia zilionyesha watu wawili wakimkabidhi kompyuta ile mle mle uwanjani.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu wapo maofisa, tena wenye nyota mabegani, wanaomtaka askari wa zamu asiipitishe kompyuta yao kwenye mashine ya eksirei, eti kumbukumbu zitafutika. Hofu hiyo haina msingi. Kinachofuta kanda na diski za sumaku ni sumaku yenye nguvu, wala si eksirei. Filamu ya picha ndiyo huharibiwa na miale hiyo, na mwenye nayo aombe ikaguliwe kwa mkono.

Hatari ya kweli kwa ofisa mwenye siri za kazi ni wizi. Kompyuta imekwisha tokea upande wa pili, naye bado anavua viatu! Basi asiiachie mpaka zamu yake ya kupita imefika. Naye askari wa mashine asimwonee haya mkubwa: saluti apige, na kompyuta ipite.