Paka Dume Akishindwa Kukojoa, Usingoje Kesho

Ndugu wasikilizaji, juma hili nazungumzia mlinzi wa nyumba zetu asiyelipwa mshahara: paka. Awe Tandale au Oysterbay, kazi yake ni moja, na wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Lakini mlinzi huyu akiugua, wengi wetu husema, "Ni paka tu, atapona mwenyewe."

Upo ugonjwa ambao hauponi wenyewe, nao ni kuzibwa mkojo kwa paka dume. Mrija wa mkojo wa paka jike ni mfupi na mpana, hivyo huziba kwa nadra. Wa dume ni mrefu na mwembamba, na mwishoni huzidi kuwa mwembamba. Chembe mfano wa mchanga, vijiwe au ute mzito vikikwama hapo, mkojo hukosa njia. Kibofu hujaa na kuwa kigumu, figo hushindwa kuchuja, na madini ya potasiamu huongezeka katika damu hata moyo ukasimama. Yote hayo yaweza kutokea katika siku mbili au tatu.

Dalili zinaonekana. Paka huchuchumaa mara kwa mara, hujikamua, na hakitoki kitu ila pengine matone yenye damu. Hulia, na hujilamba sana sehemu za siri. Baadaye hukataa chakula, hutapika na kulala akijikunyata.

Tatizo ni kwamba paka anayejikamua hudhaniwa amefunga choo. Jirani yangu mmoja alidhani hivyo. Alikwenda duka la dawa za mifugo, akaeleza, akauziwa dawa ya minyoo. Muuzaji hakumwona paka, sembuse kumpapasa tumbo. Siku ya tatu alfajiri paka yule alikutwa amekufa chini ya kitanda.

Ndugu wasikilizaji, muuza dawa si daktari. Tanzania tunayo Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, iliyounda Baraza la Veterinari, na daktari wa mifugo hutakiwa asajiliwe nalo. Basi si utovu wa adabu kumwuliza mtu, "Je, umesajiliwa?"

Mtazame pia anavyofanya kazi. Daktari wa kweli hupapasa tumbo kwanza. Humwekea paka dripu, humpa dawa ya usingizi, kisha hupitisha mpira mwembamba kuzibua njia. Mara nyingi paka hulazwa siku moja au zaidi, na mwenye paka hufundishwa kumpa maji mengi na chakula chenye majimaji, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi. Anayechoma sindano moja mlangoni na kupokea fedha zake hajatibu kitu.

Nyumbani, usimminye tumbo, maana kibofu chaweza kupasuka. Usimpe panadol kabisa. Kidonge kimoja tu chaweza kumwua paka.

Najua mtauliza juu ya gharama. Si ndogo, na mshahara tunaujua. Lakini hata asiye na uwezo wa matibabu anayo njia ya huruma: daktari aweza kumlaza mnyama usingizi wa mwisho bila maumivu. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumwacha mnyama ateseke bila sababu. Kumwacha paka apasuke kwa mkojo siku tatu kwa kuwa "ni paka tu" ni mateso, hata kama hakuna aliyeinua fimbo.

Mwenye paka dume, tafuta leo namba ya simu ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, uiandike ukutani. Na siku utakapomwona anachuchumaa na mchanga unabaki mkavu, ondoka saa ile ile, hata kama ni usiku.

Hadi juma lijalo, nawatakieni heri.