Jirani Yetu Mwislamu: Anaamini Nini, na Dini Yake Ilitoka Wapi

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama na viongozi wao, komini ya Annexe, Lubumbashi

 

Niliombwa niseme juu ya dini ya Uislamu. Mimi mwenyewe si Mwislamu. Masheikh wawili wamekaa hapa mbele, na nimewaomba wanikate nikisema vibaya. Sababu ya mazungumzo haya mnaijua. Katika kikao hiki ninaona watu wa Mitwaba, wa Pweto na wa Manono, watu waliokimbia vita vya Kasai vya 2016 na 2017, na wengine waliotoka Kivu. Wengi wenu, kule mlikotoka, hamkuwa na jirani Mwislamu hata mmoja. Sasa mmepanga nyumba ukuta kwa ukuta na mtu wa Maniema anayeamka kabla ya jogoo ili anawe miguu, na ambaye akifiwa anazika siku ileile. Mtu asipojua sababu ya jambo anajitungia sababu yake, na mara nyingi ile anayojitungia ni mbaya. Tumesikia watu wakisema "hao ni wachawi", "hao ni watu wa Beni". Maneno ya namna hiyo tunayajua. Kule tulikotoka yalitangulia mbele ya mapanga.

Nianze na jambo ambalo naona ninyi mliohama mtalielewa upesi kuliko watu wengine. Kalenda ya Waislamu haihesabu miaka tangu Mtume wao azaliwe, wala tangu afe. Inahesabu tangu mwaka ule alioukimbia mji wake. Kuhama kule kunaitwa hijra.

Muhammad alizaliwa Makka, katika Arabia, karibu mwaka 570. Alikuwa yatima: baba yake alikufa kabla hajazaliwa, mama yake alikufa mtoto akiwa na miaka sita hivi. Alilelewa na babu, halafu na ndugu ya baba yake, akakua akafanya biashara. Waislamu wanaamini kwamba karibu mwaka 610, alipokuwa na miaka kama 40, malaika Jibrili, yule ambaye Wakristo wanamwita Gabrieli, alimletea neno la Mungu katika pango. Akaanza kuhubiri: Mungu ni mmoja, acheni sanamu, msimdhulumu yatima. Wakubwa wa Makka walichukia, kwa maana sanamu zile zilileta mahujaji, na mahujaji walileta biashara. Wafuasi wake wakateswa, hasa wale wasio na ukoo wa kuwatetea. Mmoja wao ni Bilal, mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi. Alilazwa juu ya mchanga wa moto na jiwe juu ya kifua. Alinunuliwa akaachwa huru, na baadaye yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaita watu kwenye sala kwa sauti yake.

Karibu mwaka 615 kikundi cha wafuasi kilivuka bahari kikaenda Uhabeshi, katika Afrika yetu. Mfalme wa huko alikuwa Mkristo. Wakubwa wa Makka walimfuata na zawadi wakimwomba awarudishe wale watoro. Mfalme, kama Waislamu wanavyosimulia, aliwasikiliza wa upande huu na wa upande ule, kisha akakataa. Basi wakimbizi wa kwanza wa dini hii walilindwa na Mkristo, na masheikh wanaifundisha habari hiyo hata leo.

Mwaka 622 Muhammad mwenyewe alihama, akaenda mji ambao sasa unaitwa Madina, zaidi ya kilomita 300 kutoka Makka. Waliohama pamoja naye waliitwa Muhajirina, yaani wahamaji. Wenyeji waliowapokea waliitwa Ansari, yaani wasaidizi. Mtume alimfunga kila mhamaji undugu na mwenyeji mmoja, wakagawana nyumba na chakula. Kuliandikwa pia mapatano kati ya makabila ya mji, pamoja na Wayahudi, kwamba kila mmoja abaki na dini yake na wote wasaidiane mji ukishambuliwa. Sitawaficha: mapatano yale hayakudumu, na damu ilimwagika. Mwaka 630 Muhammad alirudi Makka, mji ukafunguka karibu bila vita, na mwaka 632 akafa. Baada yake wafuasi walikosana juu ya nani awaongoze, na toka hapo wapo Wasuni na Washia. Hapa Kongo walio wengi ni Wasuni.

Sasa, wanaamini nini? Mungu mmoja, asiyezaa wala kuzaliwa. Malaika. Vitabu vilivyoshushwa: Torati, Zaburi, Injili, na cha mwisho Kurani, yenye sura 114. Manabii, tangu Adamu, kupitia Ibrahimu na Musa, mpaka Muhammad. Siku ya hukumu. Na kwamba yote yanayotokea Mungu anayajua na ameyapima. Wakristo mliomo humu, majina mengi kati ya hayo ni yenu pia. Yesu wanamwita Isa. Wanakubali kwamba alizaliwa na Maria aliye bikira, na sura nzima ya Kurani ina jina la Maria. Lakini hawakubali kwamba ni Mwana wa Mungu, wala kwamba alikufa msalabani. Hiyo ni tofauti kubwa, na haifai kuifunika kwa maneno matamu. Watu wawili wanaweza kuijua tofauti hiyo vizuri na bado wakateka maji katika pompi moja.

Hata maneno yetu yamechanganyika. Kila Jumapili hapa Lubumbashi tunasema sala, sadaka, baraka, shetani, dhambi. Tukikutana hapa tunasema amani. Yote yametoka kwa Kiarabu, yakapita pwani, yakafika kwetu.

Juu ya matendo, yako matano ambayo Waislamu wanayaita nguzo. Ya kwanza ni shahada, kukiri kwamba hapana mungu ila Mungu, na Muhammad ni mjumbe wake. Ya pili ni sala mara tano kwa siku, kuanzia alfajiri mpaka usiku, wakielekea Makka. Kabla ya sala mtu ananawa mikono, kinywa, pua, uso na miguu, na anapangusa kichwa. Ndiyo maana ya lile jagi la maji mlangoni saa za usiku. Hakuna dawa ndani yake. Maji yakikosekana, dini inamruhusu kujipangusa kwa udongo safi.

Ya tatu ni zaka. Mwenye mali iliyofika kiasi fulani na kukaa mwaka mzima anatoa sehemu moja kati ya arobaini. Asiye na kitu hatoi. Kati ya wanaopaswa kupewa, Kurani inawataja maskini, mwenye deni, na msafiri aliyekwama njiani. Ya nne ni kufunga mwezi wa Ramadhani: tangu alfajiri mpaka jua kuzama, si chakula, si maji. Mgonjwa na msafiri wanaweza kuacha na kulipa siku hizo baadaye. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha naye ana ruhusa akiogopa madhara. Mwezi huo unafuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo kila mwaka unatangulia kwa siku kama kumi na moja. Ya tano ni kwenda kuhiji Makka mara moja katika maisha, kwa mwenye uwezo. Wengi wa jirani zetu hawataupata uwezo huo, na hawahesabiwi kosa.

Halafu kuna mambo ya chungu na sahani. Hawali nguruwe, hawanywi pombe, iwe bia, iwe lutuku. Nyama wanataka ya mnyama aliyechinjwa kwa kutaja jina la Mungu na damu ikatoka. Jirani akikataa nyama yako, hajakutukana. Mpe bukari na sombe isiyo na nyama, utaona kama atakataa.

Sasa nifike kwenye jambo gumu. Uislamu uliingia Kongo kwa njia gani? Wazee wengine wanasema "hao ni wajukuu wa wauza watumwa", na hatuwezi kulijibu neno hilo kwa kunyamaza. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Zanzibar na pwani walivuka Ziwa Tanganyika wakafika Maniema wakitafuta pembe za ndovu na watu. Walijenga miji Nyangwe na Kasongo. Mwaka 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki katika soko la Nyangwe, wengi wao wanawake. Mkubwa wa wafanyabiashara hao alikuja kuwa Tippu Tip, jina lake halisi Hamed bin Muhammed. Hayo yalitokea, na vijiji vilikwisha.

Lakini simulizi halikomei hapo. Mwaka 1887 dola ya mfalme Leopold ilimfanya huyohuyo Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, pale Kisangani ya leo. Baadaye dola hiyo ilipigana na Waarabu na Waswahili tangu 1892 mpaka 1894, ikawashinda. Wakubwa wa pwani waliuawa au walirudi kwao. Waliobaki na dini ile ni Wakongo: watu wa Maniema walioishi nao, na wengi kati yao walikuwa watu waliotekwa, au watoto wao. Wabelgiji waliwatilia shaka muda mrefu, shule zikawa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Mwislamu aliyetaka kusoma mara nyingi alilazimika kuchagua kati ya darasa na dini ya baba yake. Kwa hiyo ukimtazama fundi cherehani wa Kasongo hapa mtaani na kumwita muuza watumwa, huenda unamlipisha mjukuu wa mtumwa deni la yule aliyemfunga babu yake.

Na Beni? Kundi la ADF lilianza Uganda katika miaka ya 1990, likajificha katika misitu yetu, na tangu 2019 lile linalojiita Dola la Kiislamu limekuwa likitangaza mashambulizi yake kama ya kwake. Limeua watu wengi sana, wengi Wakristo, na Waislamu pia. Sheikh Ali Amini, aliyewakilisha Waislamu wa Beni na kusema waziwazi dhidi ya wauaji hao, alipigwa risasi ndani ya msikiti akiwa katika sala ya jioni, tarehe 1 Mei 2021. Aliyekimbia Beni kwa ajili ya dini yake, na yuko Mwislamu wa namna hiyo, akifika kwetu na kuitwa mtu wa ADF, atakimbilia wapi tena?

Machefu, ninyi mnayo sheria mkononi. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema Serikali haina dini, na kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dini na ibada. Jumuiya ya Waislamu, COMICO, inatambuliwa na Serikali sawa na makanisa makubwa. Uhuru huo hauondoi sheria nyingine. Dini inamruhusu mwanamume kuoa hadi wake wanne akiweza kutenda haki, lakini Sheria ya Familia ya Kongo inaandika ndoa ya mke mmoja. Mwanamke wa pili anayekuja kwenye orodha ya msaada asifukuzwe kwa sababu hiyo. Aandikwe kama mkubwa wa watoto wake.

Yapo mambo madogo ya kupanga, na ndiyo yanayoleta ugomvi. Mgawo wa chakula usiwekwe Ijumaa saa sita na saa saba, wakati wa sala ya pamoja. Katika Ramadhani, foleni ya mchana kutwa kwenye jua ni mzigo kwa anayefunga, wagawiwe asubuhi. Kopo la nyama likiwa ni la nguruwe, lisemwe wazi, libadilishwe na maharagwe.

Na kifo. Sisi tunakaa kilio siku kadhaa, tunangoja ndugu wafike kutoka mbali. Mwislamu anaoshwa na watu wa dini yake, mwanamume na wanaume, mwanamke na wanawake. Anavikwa sanda nyeupe, anasaliwa, anazikwa upesi, siku ileile ikiwezekana, ubavu wa kuume, uso kuelekea Makka, mara nyingi bila sanduku. Hawafichi kitu. Tajiri na maskini wanaenda na kitambaa kilekile. Lakini karatasi ya kuzikia inahitajika, na shimo linahitajika, na mhamaji hana ukoo hapa wa kuchimba. Kwa hiyo, kabla hatujaingia kwenye maswali, ninawaomba machefu wote watoe daftari. Sheikh atasoma namba ya simu ya kuita mtu wa kuosha maiti, mchana na usiku, na ya mama anayeosha wanawake. Andikeni zote mbili.