Tumbo la Papa

Wahitimu, wadogo zangu, hongereni sana.

Nimekulia nyumba ambayo papa mkavu hakukosekana jikoni. Mama alimroweka usiku kucha kutoa chumvi, kesho yake akamtia tui. Baba alipaka chombo chake sifa, mafuta ya ini la papa huyo huyo, ili mbao zisinywe maji. Kwa hiyo sikuja kuwaambia papa asiliwe.

Ila siku moja dikoni, nikiwa na umri kama wenu, nilimwona mchuuzi akimpasua papa jike. Tumboni mlikuwa na watoto wanne, wamekamilika, meno yameota. Mama yao aliandikwa kwa kilo. Wale wanne hawakuandikwa popote, na mwenye kalamu siku ile nilikuwa mimi. Miaka yote hii sijawasahau.

Jodari hutaga mayai kwa mamilioni. Papa hana utajiri huo: wengi hubeba mimba miezi tisa, wengine hufika mwaka na kupita, na hukawia miaka mingi kupevuka. Jarife likizidi, hawawahi kuziba pengo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu walikuwa wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970.

Mvuvi atawauliza: wakipungua, hasara iko wapi? Si hao wanaotupasulia nyavu? Msimjibu kwa kiburi cha cheti, maana nyavu anazinunua yeye. Mpeni habari za Shark Bay, magharibi mwa Australia, ambako watafiti wamewafuatilia nguva na kasa kwa miaka mingi. Papa wakizunguka, nguva hatulii malishoni. Hula huku akihama, na majani ya bahari yakapata kumea. Hofu tu husaidia kulinda malisho. Kwetu nguva wamebaki wa kuhesabika, lakini majani tunayo, na mvuvi wa dema anajua fika kwamba tasi wake hukaa humo.

Baadhi yenu mtaripoti madikoni hivi karibuni kuandika samaki wanaoshushwa. Fungueni daftari, na kabla ya safu ya kilo mchore safu ya jike na dume, kisha nyingine ya mimba. Halafu mpeni mchuuzi shikamoo yake, mumwombe awaonyeshe tumbo kabla hajautupa utumbo.