Kijana Anapochagua Chuo

Jioni hii tunazungumza na nyumba zile ambazo zina kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, na tunawaomba wazazi wasiondoke hapo redioni wakidhani kwamba maneno haya ni ya vijana tu. Maana kwetu chuo hakichaguliwi na mtu mmoja. Baba huchagua, mama huchagua, mjomba aliyeko Nairobi huchagua kwa simu, na mara nyingine hata kamati ya harambee huchagua. Kijana mwenyewe huulizwa mwisho, akiwa amesimama mlangoni na birika la chai ya wageni.

Na tuanze na hesabu. Mwaka wa 2024 watahiniwa zaidi ya 960,000 walifanya mtihani wa KCSE. Waliopata C+ na kuendelea, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingia chuo kikuu kusomea shahada, walikuwa kama 246,000. Ni kama mmoja katika kila wanne. Sasa fikirini ibada ya Jumapili baada ya matokeo kutangazwa. Mzee wa kanisa huwaita mbele wale wanaokwenda chuo kikuu, wakaombewa na kupigiwa makofi. Je, wale watatu wengine wameketi wapi? Wako viti vya nyuma, au hawakuja kabisa. Hatusemi kwamba wale wa kwanza wasiombewe. Lakini mtoto anayekwenda kujifunza kazi ya umeme au upishi naye anaondoka nyumbani, naye atalala mahali pageni, naye karo yake imetoka katika mfuko ule ule uliotoboka.

Wala dharau hii haina msingi. Makerere, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo kilele cha elimu katika Afrika ya Mashariki, ilianza mwaka wa 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, na walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata jina hilo mwaka wa 1970, lakini wanafunzi wa kwanza waliingia hapo mwaka wa 1956, wakati kilipoitwa Chuo cha Kifalme cha Ufundi. Egerton nayo ilianza mwaka wa 1939 ikiwa shule ya kilimo. Basi anayesema kwamba vyuo vya ufundi ni vya walioshindwa, hajui hata hivyo anavyovisifu vilitoka wapi. Paulo Mtume alisomeshwa Yerusalemu miguuni pa Gamalieli, mwalimu aliyeheshimiwa na watu wote, na bado alikuwa fundi wa kushona mahema. Alipofika Korintho, ni mahema yale yaliyompa chakula.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, usianze kwa kuuliza, "Chuo gani?" Anza kwa kuuliza, "Kazi gani?" Mtoto wako umekaa naye miaka kumi na minane. Unajua kama yeye ndiye anayefungua redio mbovu na kuitengeneza, au ndiye ambaye wagonjwa wa jirani humwita kwa sababu ana mkono wa upole. Unajua kama akiona damu huanguka. Mambo hayo hayaandikwi katika cheti cha mtihani, na serikali inapowapangia wanafunzi nafasi kwa njia ya KUCCPS haiwezi kuyajua. Yenyewe huangalia alama, tena si alama ya jumla peke yake, bali na alama za masomo yale yanayohusu kozi iliyoombwa. Mengine ni juu yenu nyumbani.

Tunaijua nyumba moja ambayo iliuza kipande cha shamba la kahawa ili kijana asomee kazi aliyoichagua baba yake. Kijana alijitahidi miaka miwili, kisha akaacha kuingia darasani. Lakini kila likizo ilipokwisha aliaga, akapewa karo na nauli, akaenda zake. Hakuwa mwizi kwa tabia yake. Aliogopa kusema. Mwaka wa mahafali ulipofika, mama alinunua kitambaa na kushona nguo, na ndugu walikwisha kuagiza basi. Siku mbili kabla ya sherehe mama aliomba mtu amtafutie jina la mwanawe katika orodha ya wahitimu. Lilipokosekana, alisema kwamba wachapaji wamekosea. Aliendelea kusema hivyo mpaka kijana alipoketi chini mbele yake na kulia.

Tumelifikiria sana jambo hilo. Shamba limekwenda, na hilo ni uchungu. Lakini uchungu mkubwa zaidi ni ile miaka miwili ambayo mtoto aliishi na uongo kwa sababu nyumbani hapakuwa na mlango wa kusemea neno "nimeshindwa". Kozi inaweza kubadilishwa. Mwanafunzi aweza kuomba kuhamishwa mapema, na hasara ikawa ya muhula mmoja. Baba, mwambie mtoto wako kabla hajaondoka, kwa maneno yanayosikika, kwamba akiona mambo yamemwendea vibaya, aje akuambie wewe kwanza, nawe hutamfukuza. Usidhani anajua. Watoto wengi hawajui.

Kuna mambo mengine ambayo hatutayakalia sana, ila lazima yatajwe. Msikipeleke kiasi chochote cha pesa katika chuo kabla ya kuuliza kama kina kibali. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Vyuo vya ufundi husimamiwa na mamlaka iitwayo TVETA. Tena chuo kuwa na kibali ni jambo moja, na kozi kukubaliwa na bodi ya kazi yenyewe ni jambo jingine. Kwa kozi kama uhandisi, uuguzi na sheria, ulizeni bodi inayosajili watu wa kazi hiyo, maana ni huzuni kumaliza masomo na kuambiwa huwezi kusajiliwa. Na mkopo wa HELB, ambayo imekuwapo kwa sheria tangu mwaka wa 1995, ni mkopo. Utalipwa, na faida juu yake. Kijana anayeupokea na kununua simu ya kujionyesha amenunua simu hiyo kwa mshahara ambao hajaupata bado.

Sasa, kijana, tunakugeukia wewe. Fungua kitabu cha Danieli, sura ya kwanza, ukisome kama habari za mwanafunzi, maana ndivyo zilivyo. Danieli na wenzake watatu hawakuchagua chuo. Walichukuliwa mateka, wakapelekwa Babeli, wakapewa majina mapya, wakapangiwa masomo ya miaka mitatu kwa gharama ya mfalme. Walifundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo, watu wasiomjua Mungu wao. Angalieni kwamba Danieli hakuikataa elimu ile. Aliisoma yote. Alikataa jambo moja, chakula cha mfalme, na hilo aliliamua moyoni mwake mwanzoni kabisa, kabla sahani haijawekwa mezani. Tena hakupiga kelele wala kumtukana mtu. Alikwenda kwa msimamizi kwa adabu, akaomba wajaribiwe siku kumi kwa chakula kingine, ambacho Biblia yetu ya Kiswahili inakiita mtama. Wengi wetu tumelelewa kwa chakula hicho hicho!

Hizo siku kumi ni za maana sana. Wiki mbili za kwanza chuoni ndizo hupanga miaka inayofuata. Katika wiki hizo utajulikana kama mtu wa maktaba au mtu wa kantini. Utapata marafiki, na si wote watakaokutaka kwa wema. Yule atakayekukaribisha wa kwanza kwenye pombe mara nyingi ni mcheshi kuliko wote. Utaonyeshwa jinsi ya kucheza kamari kwa simu, na mwenye kukuonyesha atakusimulia siku aliyoshinda, hatakusimulia siku zile nyingine. Ukingoja kuamua siku hiyo, utaamua vibaya, kwa sababu utakuwa mpweke na utataka kupendwa. Amua ukiwa bado nyumbani.

Danieli pia hakuwa peke yake. Walikuwa wanne. Tafuta watatu, hata kama mmoja wao si wa dhehebu lako wala wa kabila lako; kwa kweli ni heri asiwe. Chuoni ndipo mahali ambapo kijana wa Kisii aweza kulala chumba kimoja na kijana wa Turkana na mwingine wa Lamu, na nafasi kama hiyo huenda usiipate tena maishani. Anayekaa miaka minne akizungumza lugha ya kwao tu na watu wa kwao tu, amelipa karo ya kukaa nyumbani.

Na tuseme neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya ndugu zetu. Tumewaona wanafunzi wanaohudhuria kila mkesha wa chama cha Wakristo na kukosa kila mhadhara wa asubuhi, kisha matokeo yakiwa mabaya husema ni majaribu ya shetani. Mfalme alipowaita wale vijana wanne mwisho wa miaka mitatu, aliwapima kwa yale waliyofundishwa, na akawaona wamewapita wengine wote mara kumi. Walikuwa watu wa sala, nao walikuwa wamesoma. Keti mbele darasani. Mwulize mhadhiri swali akiwa bado hajatoka. Usinakili kazi ya mwenzako. Fanya zoezi siku lililotolewa.

Jambo la mwisho ni dogo. Mwombeni mchungaji au katibu wa kanisa barua ya utambulisho kwa ushirika ulio karibu na chuo, na mwulizeni kama anamfahamu mtu huko ambaye kijana anaweza kwenda kula kwake chakula cha Jumapili mara moja kwa mwezi. Ombeni barua hiyo wiki hii. Siku ya kuondoka nyumba hujaa shughuli, sanduku halifungiki, gari linapiga honi barabarani, na hakuna anayekumbuka barua.