Jirani wa Ghala la Petroli Aambiwe Nini?

Msikilizaji, alfajiri ya Jumapili, tarehe 11 Desemba 2005, mlipuko uliutikisa mji wa Hemel Hempstead, kaskazini mwa London. Katika ghala la mafuta la Buncefield, petroli ilikuwa ikiendelea kumiminwa ndani ya tangi lililokwisha kujaa, kwani kipimo kilikwama na swichi ya usalama haikufanya kazi. Petroli ikafurika, mvuke wake ukatanda chini mfano wa ukungu, na ilipotimu saa 12 na dakika moja ukalipuka. Watu 43 walijeruhiwa. Hakufa hata mmoja. Lau ingalikuwa siku ya kazi, ofisi za jirani zingalikuwa zimejaa watu.

Kanuni za Uingereza, zenye asili yake katika ajali ya Seveso, Italia, mwaka 1976, huwataka wenye mitambo mikubwa ya hatari wawapelekee majirani taarifa bila ya kuombwa: kinachohifadhiwa humo, namna watakavyotahadharishwa, na la kufanya. Tatizo ni kwamba kikaratasi hicho ni rahisi kukidhania tangazo la biashara.

Nacho husema jambo lililo kinyume na silika. Aghalabu mkazi huelekezwa aingie ndani, afunge madirisha na asikilize redio, wala asikimbilie shuleni kuwachukua watoto. Bibi aliyetoka Mombasa kuja kulea wajukuu, naye ndiye ashindaye nyumbani, hana budi asomewe maneno hayo kwa Kiswahili, na aoneshwe dirisha lipi halifungiki vizuri.