Punje Moja ya Njugu: Mzio, Gluteni na Kipimo Kilicho Salama

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wenye vinu vya unga na wauzaji wa vyakula



Nianze na jambo la nyumbani. Mpwa wangu wa miaka minne ana mzio wa njugu karanga, au aleji kama tulivyozoea kusema. Siku moja alipewa uji wa wimbi. Unga wenyewe haukutiwa njugu, lakini kinu kilikuwa kimetoka kusaga njugu za mteja mwingine. Sisi hatukuuliza, na mwenye kinu hakusema. Kabla hajamaliza kikombe, midomo ilikuwa imefura na pumzi zikawa za shida. Alikimbizwa kituo cha afya kwa bodaboda, akadungwa sindano ya adrenalini, akapona.

Je, ni kiasi gani kinachoweza kumdhuru mtu? Mwaka wa 2021, wataalamu walioitwa na mashirika ya FAO na WHO walipendekeza vipimo. Kwa njugu, mayai na maziwa, ni miligramu 2 za protini yake. Kwa ngano na samaki, ni miligramu 5. Kwa kamba wa baharini, ni miligramu 200. Punje moja tu ya njugu ina zaidi ya mara 50 ya hizo miligramu 2. Kwa hivyo mabaki ndani ya kinu si jambo dogo.

Tuelewane pia kwamba kipimo hiki si ahadi kwamba hakuna atakayeugua. Katika watu 100 wenye mzio husika, takriban 5 bado wanaweza kuonyesha dalili.

Gluteni ina habari yake. Ni protini iliyo katika ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, huharibu utumbo polepole, hata kama hahisi chochote siku hiyo. Tangu mwaka wa 2008, kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema chakula kinachouzwa kuwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2 za gluteni. Ili kupata kiasi hicho kutoka kwa chakula kilichofika ukomo huo, ungelazimika kula kilo 100!

Mtama, wimbi, mahindi na muhogo havina gluteni kwa asili. Huipata kwenye kinu, kwenye ungo au kwenye mafuta yaliyokaanga mandazi. Wala moto hauiondoi.

Hapa sokoni hakuna anayepima miligramu. Kinga yetu ni utaratibu na kusema ukweli. Kwa hivyo ninawaomba:

- Mwenye kinu, tenga siku au mashine ya njugu na ngano. Kama huwezi, safisha kinu na umwambie mteja kilichosagwa kabla ya unga wake. Kusafisha hupunguza mabaki, lakini hakuhakikishi yameisha.
- Muuzaji wa vyakula, tumia mwiko na mafuta tofauti. Ukiulizwa kilichomo na hujui, sema hujui.
- Mzazi, uliza kabla ya kununua, na uwajulishe walimu wa mtoto.
- Ukishuku una siliaki, usiache ngano kabla ya kupimwa, kwa maana majibu yanaweza kupotosha.

Dalili za hatari ni kufura midomo au ulimi, vipele vya ghafla, kutapika, kupumua kwa shida na kuzirai. Mlaze mgonjwa, akishindwa kupumua akiwa amelala, mketishe. Kama ana sindano yake ya adrenalini, adungwe pajani mara moja, kisha afikishwe hospitalini. Msimpe maziwa mkidhani yatazima sumu, yatawapotezea muda.

Mwenye swali amwone afisa wa afya ya umma wa wadi yake, au mhudumu wa afya ya jamii.

Mwenye kinu akisema tu, "Hapa nimetoka kusaga njugu," atapoteza mteja wa siku moja. Mteja huyo atarudi kesho na gunia lake, na mtoto wake atakuwa mzima.